Taulo la Mama Barafu

Jamani, yaani mpaka leo mnahesabu?

Jumapili nilikuwa nimekaa zangu pembeni ya uwanja, mguu wangu mbovu nimeunyoosha juu ya ndoo, beki wa timu ya vijana akagongwa akaanguka. Kabla hata vumbi halijatulia nikasikia uwanja mzima: "Moja! Mbili! Tatu!" Mwili ulinisisimka kuanzia kisigino mpaka utosini. Nilidhani ile hesabu tuliizika miaka mingi iliyopita. Kumbe iko hai, na inaimbwa na watoto ambao hawakuwa wamezaliwa!

Sasa nyie wanangu mnaobeba begi la dawa siku hizi, nyie wenye dawa za kupuliza na glovu za bluu, hebu nisikilizeni. Hotuba sina. Nataka mjue hiyo hesabu ilikotoka, na kwa nini bibi yenu akiisikia anashika kifua. Jumapili yenyewe ilivyoishia nitawaambia mwishoni, maana hata hiyo imeniacha mdomo wazi.

Mimi ndiye Mama Barafu. Wazazi wangu walinipa jina jingine, zuri tu, la ubatizo, ila Tunduma hii ukiliulizia hilo hakuna atakayekuonyesha nyumba yangu. Nilitoka kwetu Ruanda, kule Mbozi, nikaja mpakani kuuza maji ya baridi na barafu kwa madereva wa malori waliokwama kwenye foleni. Siku za mechi nilibeba deli langu la barafu kwenda uwanjani, maana penye jua na kelele watu wanakunywa. Siku moja winga wa Wapagazi, timu ya wabeba mizigo wa hapa mpakani, alitegua kifundo cha mguu mbele ya deli langu kabisa. Kifundo kikaumuka kama andazi. Wenzake wakamvamia, mmoja anavuta kidole, mwingine anavuta goti, wa tatu anamwambia aruke ruke damu itembee. Nikapiga ukelele: "Nyie, mnamuua!" Nikafunga barafu kwenye kanga, nikamwekea, akatulia. Mechi iliyofuata walinifuata wenyewe, na baadaye wakanipeleka kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza. Nikabaki nao mpaka magoti yangu yaliposema basi.

Na kwa kuwa nimeitaja barafu: msiiweke kwenye ngozi tupu, nawaombeni. Ngozi inaungua na barafu vilevile inavyoungua na moto. Ifungieni kitambaa, muihamishe hamishe. Na hizo dawa zenu za kupuliza, mimi nazipenda, zinanukia vizuri, ila msije mkadhani moshi mweupe ndio tiba. Nimeona mtu anapuliziwa goti wakati kilichovunjika ni mkono!

Tatizo langu la kwanza katika kazi ile halikuwa damu, lilikuwa lugha. Mechi yangu ya kwanza kabisa nikiwa na begi, nikasikia watu wanapiga mayowe, "Kapigwa tobo! Kapigwa tobo!" Mungu wangu. Kwangu mimi tobo ni tundu. Nikakamata pamba na bandeji, nikaingia uwanjani mbio, nikamshika yule beki, namgeuza namtafuta tundu liko wapi, tumboni, mgongoni, wapi. Mwamuzi ananipigia filimbi, beki mwenyewe anaona aibu ya kufa. "Mama," ananiambia kwa sauti ya chini, "mpira umepita katikati ya miguu yangu. Ndiyo tobo." Uwanja ulicheka mpaka mechi ikasimama. Wiki iliyofuata wakaniambia fulani kavishwa kanzu, kumbe kapitishiwa mpira juu ya kichwa, nikanyamaza kimya, sikutafuta nguo wala nini. Nilikuwa nimejifunza.

Tunduma ina midomo mingi, kwa hiyo lugha ya mpira hapa huchotwa kila mahali. Madereva walituletea ya drafti, beki akipotezwa kwa chenga wanasema ameingia kingi. Akina mama wa sokoni waliocheza netiboli shuleni wakiona kipa ameudaka mpira na anazubaa wanamfokea, "Toa, umeshakanyaga!" kama aliyetembea na mpira mkononi. Timu ikijazana golini wengine nchini wanasema wamepaki basi, sisi tunasema wamepanga foleni ya malori, na kila mtu anajua hapo hapiti mtu leo. Mimi yote hayo nilikuja kuyapenda. Lugha iliyotutia matatizoni ilikuwa ya ngumi, na aliyetuletea ni Kocha Jebu.

Kocha Jebu alikuwa bondia enzi zake. Pua yake ililala upande mmoja, na alitembea akiwa amekunja mabega, ungedhani anasikia baridi. Mpira wa miguu hakuwahi kuucheza, na hakuficha. Lakini alikuwa na pumzi, alikuwa na nidhamu, na wale wabeba mizigo, wanaume wanaobeba magunia kutwa nzima na hawamsikilizi mtu, walimsikiliza. Ila kila alichokisema kilitoka ulingoni. Kipindi kwake kilikuwa raundi. Filimbi aliita kengele. Mechi ilikuwa pambano.

Mechi yake ya kwanza, filimbi ya mapumziko ikalia, akanguruma: "Kila mtu aje konani!" Yeye kona yake ni benchi, pale bondia anapokalishwa anafutwa jasho. Wachezaji watatu wageni wakaenda kusimama kwenye kibendera cha kona. Wakasimama hapo na jua lile, wanangoja kocha awafuate, sisi huku tunagawa maji tunashangaa wenzetu wameenda wapi! Siku nyingine akamwambia beki wetu wa kushoto, Sinkala, jamaa mkubwa mwenye mikono kama mipini ya majembe, "Wafanyie kazi mbavuni." Alitaka apande pembeni, ashambulie kupitia ubavu wa uwanja. Sinkala akaenda akampiga winga wao kiwiko cha mbavu, winga akakunjika, kadi nyekundu. Anatoka uwanjani ananung'unika, "Si umesema mbavuni, kocha? Sasa mbavu zingine ziko wapi?" Mimi ndiye niliyemkanda yule winga wa watu, na huku nazuia kicheko, Mungu anisamehe.

Halafu ikaja hesabu.

Kocha Jebu aliwafundisha hivi: bondia akidondoka asikurupuke. Abaki chini, avute pumzi, amsikilize mwamuzi anavyohesabu, akisikia nane asimame. Ikifika kumi ameshindwa. Kwa hiyo mchezaji wetu akianguka, benchi zima likawa linamhesabia kwa sauti, na kwenye nane anainuka. Mashabiki wakaidaka. Baada ya mechi chache uwanja mzima ukawa unahesabu, hata Wazambia waliokuwa wanavuka kutoka Nakonde kuja kuangalia bola, kama wanavyoita wenyewe, nao wanahesabu na sisi. Ilikuwa raha, nisiwadanganye. Wale wachezaji wa kujiangusha, wanaogaagaa wameshika mguu ambao haukuguswa, walikuwa wanaona aibu. Uwanja ukifika nane mtu anaruka amepona! Nami nilihesabu, tena kwa sauti, nimepumzika na begi langu. Ilinipunguzia kazi.

Na mazoezini, akishachoka, akishakaa na wachezaji wamemzunguka, alipenda kutuambia habari ya taulo. "Ulingoni," anasema, "mtu wa konani anakuwa na taulo begani. Mnadhani la jasho? Likirushwa ulingoni, pambano limeisha. Hata kama naongoza. Hata kama bado nataka. Simuulizi aliyerusha, wala yeye hanipi maelezo." Aliisema mara nyingi mpaka vijana wakawa wanaimalizia wenyewe. Mimi nilikuwa na taulo langu jeupe begani, la kufutia watu nyuso, basi wakawa wananitania, "Mama Barafu, usije ukalidondosha, tutaambiwa tumeshindwa."

Sasa siku yenyewe. Tulikuwa tunacheza na timu ya Mlowo, nyumbani kwetu, na mshindi ndiye anapanda daraja. Mji ulifunga. Wapagazi walikuwa hawajawahi kupanda, na kwa wanaume wale, wanaoitwa "wewe mzigo" na kila mwenye gari, ile mechi ilikuwa ni jina lao. Tukafunga goli mapema, tukaanza kulilinda. Kila kitu kilitegemea kipa wetu, Lusekelo.

Lusekelo alikuwa kijana wa Itumba, kule Ileje milimani, mpole, mrefu, na Kiswahili chake kina ule mlio wa Kindali ambao ukiusikia unatabasamu tu. Alikuja mpakani kubeba mizigo amsomeshe mdogo wake. Asubuhi ya mechi aliniamkia vizuri, nikamfunga vidole viwili vilivyokuwa vinamsumbua, akaniambia, "Mama, leo hawapiti."

Kipindi cha pili, dakika zimebaki chache, ikapigwa krosi. Lusekelo akatoka, akaruka, akaupangua. Straika wao, jitu la miraba minne, naye alikuwa hewani, na goti lake likatua upande wa kichwa cha Lusekelo, juu kidogo ya sikio. Ule mlio niliusikia kwenye benchi. Nausikia hata sasa nikiwaambia.

Akadondoka, hakujikinga hata kwa mkono. Mtu anayeanguka bila kujikinga, wanangu, huyo msimngojee mwamuzi awaite. Nikaanza kukimbia. Na nyuma yangu, uwanja mzima, maelfu ya watu na furaha yao: "Moja! Mbili! Tatu!"

"Nane!" Na Lusekelo akasimama.

Loh, shangwe ile! Watu walirusha kofia. Mimi nilikuwa nimefika mbele yake, nikamtazama machoni. Macho yalikuwa wazi lakini hakukuwa na mtu ndani. Akaniangalia, akatabasamu taratibu, akasema, "Shikamoo mama." Kana kwamba tumekutana njiani asubuhi. Nikaitikia marahaba kabla sijajua ninachofanya.

Kuna maswali ambayo nilifundishwa kuyauliza, na nyie myaulize: tunacheza na nani, kipindi gani, nani amefunga. Nikamuuliza, "Lusekelo, tunacheza na nani?" Akainua mikono mitupu, kama ameshika kitu kizito, akaniuliza, "Mama, huu mzigo niushushe wapi?"

Nikamgeukia mwamuzi nikamwambia kijana hayuko sawa, atolewe. Mwamuzi akanijibu, "Amesimama mwenyewe, mama. Toka uwanjani." Kipa mwenyewe haombi kutoka, mchezo unachelewa, watu wanapiga kelele. Akanisukuma kwa mkono. Nikakimbilia kwa Kocha Jebu.

"Kocha, mtoe huyu kijana. Haelewi hata alipo."

"Ameamka kwa nane."

"Hiyo ni sheria ya ngumi!"

"Mama Barafu, kipa wa akiba sina." Kweli hakuwa naye, alikuwa amevuka kwenda harusini Nakonde akijua Lusekelo yupo. "Nikimtoa huyu namuweka nani golini, Sinkala? Zimebaki dakika ngapi? Kaa chini, akimaliza utamtibu."

Nikageuka kumtazama tena, na hapo ndipo roho iliponitoka. Lusekelo alikuwa amesimama golini ameupa uwanja mgongo. Anatazama wavu. Ameinua mikono kichwani kama mtu aliyeshikilia gunia, anangoja aambiwe alitue wapi. Mashabiki wa Mlowo wakaanza kupiga mayowe, "Anafunga goli! Jamani muoneni, anafunga goli lake kwa dawa!" Wa kwetu wakashangilia, wakidhani kweli ana utaalamu. Watu wote wale, na hakuna hata mmoja aliyeona kwamba yule mtoto anakufa amesimama! Wakati huo huo Mlowo wamepata kona. Lile jitu lao linasogea kwenye boksi dogo. Magoti ni yale yale.

Sikufikiri. Wanaosema nilifikiri wananisingizia. Mkono ulikwenda begani, nikafika kwenye mstari, nikalirusha lile taulo kwa nguvu zangu zote, likapaa, likatua katikati ya boksi.

Wote wakalikodolea macho.

Halafu mtu mmoja, sijui ni nani mpaka leo, akapiga ukelele: "Dawa!"

Wanangu, mmewahi kuona watu wazima ishirini wanakimbia kitambaa? Boksi lilibaki jeupe. Lile jitu la Mlowo liliruka nyuma, likapiga ishara ya msalaba, likakimbilia katikati ya uwanja. Sinkala, Sinkala wangu mwenye mikono ile, alikuwa wa kwanza kufika upande wa pili. Mwamuzi akapuliza filimbi, akamwamuru mshika kibendera aliondoe taulo, mshika kibendera akasema yeye ana watoto. Mashabiki wa Mlowo wakaanza kuvunja kamba, "Mchawi! Mchawi wa kike!" Chupa za maji zinaruka. Na wa kwetu nao, ambao nimewafunga vidonda miaka yote hiyo, wanapiga kelele, "Mama Barafu katuuza! Kala hela za Mlowo!" Mama mmoja wa Kizambia akanivuta kanga, "Awe, bamayo, hapana mama, kimbia watakuua!" Nikakimbia, lakini kwenda golini. Na kwa vile wote walikuwa wanaliogopa taulo, njia ilikuwa nyeupe, hakuna aliyenigusa. Nikamfikia Lusekelo, nikamshusha mikono polepole, nikamwambia, "Tua hapa, mwanangu. Tua." Akakaa chini.

Nilipoinua kichwa nilimwona Kocha Jebu anakuja. Hakuwa anakimbia. Nikajiambia, huyu sasa ndiye ananimaliza. Akafika pale kwenye taulo, watu wote wanamtazama, akainama, akaliokota, akalikung'uta vumbi, akalitundika begani kwake.

Mwamuzi akamuuliza kwa mbali, "Kocha, mnaendelea au hamuendelei?"

"Taulo limerushwa," akasema.

"Huu ni mpira, si ngumi!"

"Limerushwa kutoka kona yangu. Pambano limeisha." Akawageukia wachezaji wake, ambao walikuwa wamebakiza dakika chache wapande daraja, akawaambia, "Vijana, tokeni." Na wakatoka. Wengine wanalia kama watoto, ila walitoka. Mtu yule yule aliyekuwa ananiambia kaa chini! Hakuniuliza nimerusha kwa nini. Hakuniuliza kabisa, mpaka anaingia kaburini.

Tulimpakia Lusekelo kwenye Kanta, lori dogo lililokuwa limeshusha vitunguu, nikamlaza ubavu, kichwa chake mikononi mwangu, na nikamwambia dereva aende polepole lakini asisimame mpaka Mbeya. Kabla hatujatoka mjini akatapika, kisha akaanza kusinzia, nikamfunua jicho moja, nikamfunua la pili, mboni hazikuwa sawa. Mkiona hivyo msingoje panado, msingoje mganga, msingoje ndugu wafike. Kocha Jebu alikuwa amekaa kwenye maganda ya vitunguu, taulo bado begani. Katikati ya safari akasema, sijui ananiambia mimi au anaiambia barabara, "Mimi nilishika taulo la rafiki yangu siku yake ya mwisho. Nikasema ngoja raundi moja zaidi."

Mbeya walimpasua kichwa usiku ule ule. Damu ilikuwa inavujia ndani, ikijikusanya taratibu, na daktari aliniambia pigo jingine pale pale, hata dogo, lingemmaliza palepale golini. Nilikaa chini kwenye sakafu ya hospitali.

Mnadhani niliporudi Tunduma nilipewa pole? Niliitwa kwenye kamati ya mashindano. Taulo langu liko juu ya meza, wamelileta kama ushahidi, na hakuna mjumbe anayetaka kukaa karibu nalo. Mwenyekiti analigeuza kwa ncha ya rula. "Mama, humu ndani mna nini?" Nikamwambia, "Mna jasho na sabuni ya mche." Wakanong'onezana. Mmoja akapendekeza aitwe mchungaji kwanza. Wakaniuliza nimelitoa wapi, nimelala nalo wapi, nani alilishika kabla ya mechi. Hakuna aliyeniuliza kipa anaendeleaje. Hakuna! Hilo ndilo lililonishtua kuliko chupa, kuliko kuitwa mchawi. Wakanifungia msimu mzima kwa kuingiza kitu kisichojulikana uwanjani, Mlowo wakapewa ushindi, wakapanda. Wapagazi hawakupanda mwaka ule wala mwingine wowote.

Lusekelo alirudi kwao Itumba, ana shamba la kahawa, ana mke, mkono wa kushoto unachelewa kidogo. Mechi ile haikumbuki hata chembe. Akishuka Tunduma kununua vitu lazima apite kwangu. Anabisha hodi, anasema, "Shikamoo mama," na mimi moyo unapiga pu! Kabla sijaitikia namuuliza, "Tunacheza na nani?" Anacheka. "Mlowo, mama. Na wewe ndiye uliyetufungisha." Hapo ndipo naitikia marahaba.

Haya, turudi Jumapili. Beki yuko chini, uwanja unahesabu, mimi nimeshika kifua natafuta fimbo yangu. Wamefika "Sita!" nikamwona yule binti wenu mwenye glovu za bluu amepiga magoti karibu na mgonjwa, amemwangalia machoni, halafu akainua mkono juu akapunga, akapiga kelele: "Taulo!"

Hesabu ikakatika. Yaani ikakatika kabisa, kama redio iliyozimwa. Kisha uwanja mzima, wazee kwa watoto, "Taulo! Taulo! Taulo!" Kocha wao akasimama, hakubisha hata nusu neno, akaingiza mchezaji mwingine, yule beki akabebwa akatolewa. Nilitazama huku na huku. Nilidhani naota.

Pembeni yangu alikuwa amekaa kijana wa bodaboda, koti la mvua kiunoni, simu mkononi. Nikamuuliza, "Baba, wanasema taulo. Taulo ni nini?"

"Aa, bibi, hujui? Likitajwa taulo mchezaji lazima atoke. Hakuna kocha anayebishia taulo hapa Tunduma."

"Kwa nini wasibishe?"

Akainama kwangu, akashusha sauti. "Zamani kulikuwa na bibi mmoja hapa, mchawi balaa. Alirusha taulo lake golini, kipa akapotea akili palepale, timu nzima haikupanda daraja mpaka ikafa. Ndiyo maana likitajwa tu, watu wanatii. Wanaliogopa."

Nikamwangalia. Mdomo ulifunguka, nikataka kumweleza kuhusu Lusekelo, na goti, na Kanta ya vitunguu, na jinsi mambo yalivyokuwa. Uwanjani yule beki alikuwa amekaa kwenye kivuli, binti anamuuliza tunacheza na nani, naye anamjibu. Nikaufunga mdomo.

"Na kweli wanaliogopa?" nikamuuliza.

"Sana, bibi."

"Basi vizuri," nikasema. "Huyo bibi ni mimi. Hebu nisogezee hiyo ndoo mguuni."

Akaisogeza, kwa mikono miwili, kisha akaenda kukaa upande wa pili wa uwanja.